Chembe ndogo zinazobeba dawa hadi ndani ya jino: habari ni ya kweli, ila mtoto wako asizisubiri

Mama, huenda nawe umeiona. Ni video fupi inayozunguka kwenye simu, inaonyesha vitu vidogo kama skrubu vikijizungusha na kuingia ndani ya jino, kisha vinaua wadudu waliojificha humo. Hapa Kisongo nimeulizwa habari hiyo zaidi ya mara moja kwenye kliniki ya watoto, siku za kupima uzito na chanjo, na swali huwa halina mzunguko: "Nesi, hiyo dawa imeshafika Mount Meru? Mwanangu anasumbuliwa na jino, nisubiri?"

Jibu fupi ni hapana, haijafika, na usisubiri. Jibu refu nalo linafaa kusomwa, kwa sababu ndani yake kuna maelezo ya jambo linalowachosha wazazi wengi: kwa nini vidonge ulivyonunua dukani vinatuliza jino la mtoto kwa wiki moja au mbili, halafu uvimbe unarudi palepale.

Mahali ambapo dawa haifiki

Jino si jiwe. Nje lina gamba gumu liitwalo enameli, chini yake kuna dentini, na katikati kabisa kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho ndicho kinachouma. Dentini ndiyo inayotuhusu zaidi leo. Ukiiangalia kwa darubini utakuta imejaa mirija midogo sana, makumi ya maelfu katika eneo la milimita moja tu ya mraba. Mrija mmoja una upana wa kama sehemu mbili za elfu za milimita. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko mrija huo mara thelathini hivi.

Bakteria wengi ni wembamba kuliko mrija. Jino likitoboka na tundu likafika ndani, wanaingia kwenye kiini, kinakufa, kisha wanasambaa kwenye mirija. Huko hawakai mmoja mmoja. Hujikusanya na kujitengenezea utando wa kunata, ndugu wa ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki. Ndani ya utando huo bakteria huvumilia dawa mara nyingi zaidi kuliko wakiwa peke yao.

Sasa fikiria njia inayopitiwa na amoksilini. Mtoto anaimeza, inaingia tumboni, inapita kwenye damu, na damu ndiyo inayoipeleka kila mahali. Lakini kiini cha jino kikishakufa, damu haiingii tena humo. Dawa inafika hadi kwenye nyama na mfupa unaozunguka mzizi, inapunguza usaha na uvimbe wa hapo, mtoto analala, mama anapumua. Ndani ya jino hakuna kilichobadilika. Wale waliojificha wanaendelea kuishi, na dozi ikiisha wanatoka tena. Mama anarudi dukani. Safari hii anaongezewa metronidazo. Safari ya tatu anapewa kitu chenye nguvu zaidi, na kwa kuwa mtoto ametulia siku ya tatu, dozi inakatishwa na vidonge vilivyobaki vinawekewa mdogo wake.

Hapo ndipo tatizo la jino moja linapoanza kuwa la kijiji kizima. Ule usugu wa vimelea dhidi ya dawa, mnaousikia redioni ukiitwa UVIDA, unalelewa na mizunguko ya namna hii. Siwalaumu sana wenye maduka ya dawa muhimu, maana wengi wanajitahidi, na mzazi akifika saa mbili usiku na mtoto anayelia, naye ni binadamu. Ila tuseme kweli: kidonge hakitoboi jino lililokufa.

Hata mtaalamu wa meno mwenye vifaa vyote hukutana na ukaidi huu. Kutibu mzizi kwa mtu mzima maana yake ni kufungua jino, kutoa kiini kilichooza, kusafisha mfereji wa mzizi kwa sindano nyembamba na dawa ya kuulia vijidudu iliyo jamaa na ile jiki ya kufulia, kisha kuuziba. Mara nyingi inafaulu. Lakini kuna bakteria mmoja maarufu kwa ugumu, Enterococcus faecalis, ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo wa binadamu. Anaweza kukaa muda mrefu bila chakula. Anavumilia hata kalsiamu haidroksaidi, dawa ya jamii ya chokaa inayowekwa ndani ya mzizi kati ya hudhurio moja na jingine. Hupatikana mara kwa mara kwenye meno yaliyotibiwa mzizi kisha yakaanza kuuma upya. Huyu na wenzake ndio waliowasukuma wanasayansi kutafuta njia nyingine.

Lori na bodaboda

Wanaoijua barabara ya Dodoma wataelewa haraka. Lori la mizigo linapita kwenye lami hadi hapa Kisongo, lakini haliwezi kuingia kwenye kijia kinachokwenda bomani. Mzigo ukishushwa barabarani, anayeufikisha ni bodaboda. Dawa ya kawaida ya kusafishia mzizi inafanana na lile lori: inafika kwenye mfereji mkubwa, inaingia kidogo kwenye midomo ya mirija, inaishia hapo. Chembe ninazozizungumzia ni bodaboda. Ni ndogo sana, nyingi ni chini ya sehemu moja ya kumi ya upana wa mrija, na zimetengenezwa zibebe dawa au ziwe zenyewe sumu kwa bakteria.

Neno nano lisikutishe, na wala si geni Arusha. Mhandisi kemikali Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia pale Tengeru, alitengeneza chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na teknolojia hiyohiyo ya vitu vidogo mno, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kwa hiyo ukisikia nano, elewa tu kwamba ni kitu kilichotengenezwa kwa udogo usioonekana hata kwa darubini ya kawaida ya maabara yetu. Si uchawi, na wala si uthibitisho kwamba kitu hicho kinafanya kazi.

Kwa upande wa meno, zipo chembe za kitosani, ambayo hutengenezwa kutokana na maganda ya kamba na kaa. Kitosani ina chaji ya umeme inayovutana na ngozi ya bakteria, kwa hiyo chembe zinawang'ang'ania na kuwatoboa. Profesa Anil Kishen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, wamefanya kazi nyingi juu ya chembe hizi ndani ya mizizi ya meno. Nyingine hutengenezwa kwa plastiki inayoyeyuka mwilini, ya jamii moja na uzi unaotumika kumshona mama aliyechanika wakati wa kujifungua, ule ambao hatukuiti urudi tuutoe. Dawa inafungwa ndani ya plastiki hiyo, na kadiri inavyoyeyuka, dawa inatoka polepole kwa siku kadhaa badala ya kumwagika yote kwa mara moja.

Na zile skrubu za kwenye video? Zipo kweli. Zilitoka Taasisi ya Sayansi ya India, Bengaluru, mwaka 2022, kwenye timu ya Profesa Ambarish Ghosh. Mwili wake ni wa silika, kitu cha jamii ya kioo, uliopakwa chuma. Watafiti walizitumbukiza kwenye meno yaliyong'olewa, wakaziendesha kwa sumaku kutoka nje, zikajizungusha hadi kina cha milimita 2 ndani ya mirija. Njia za mawimbi ya sauti au mwanga wa leza, kwa maelezo yao, hufikia kama milimita 0.8 tu. Zikishafika, sumaku inabadilishwa ili zitoe joto, na joto ndilo linaloua bakteria walio karibu. Kwa hiyo, tukisema kwa usahihi, skrubu hizo hazikubeba dawa. Zilibeba joto.

Kundi jingine liko Marekani, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, chini ya Profesa Hyun Koo. Wao walichukua ferumoksitoli, dawa yenye chembe za chuma ambayo tayari hutumika huko kwa kudungwa wagonjwa wenye upungufu wa damu, wakaitumia kama maji ya kusukutua ikifuatana na haidrojeni peroksaidi. Chembe za chuma zinang'ang'ania utando unaooza meno, kisha zinaifanya peroksaidi iwaue bakteria mahali hapohapo. Matokeo yao ya kwanza yalichapishwa mwaka 2018, na mwaka 2023 wakaonyesha kwamba ukiichanganya na aina fulani ya floraidi inafanya kazi vizuri zaidi kuliko kila moja ikiwa peke yake. (Tafadhali, vile vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki ya wajawazito usivisage ukavipaka kwenye meno. Ni kitu tofauti, na vitakuachia meno meusi bure.)

Kutoka maabara hadi mdomo wa mtoto

Ninaposoma habari za namna hii huwa natafuta kwanza jambo moja: ilijaribiwa ndani ya nini? Jino lililong'olewa na kuwekwa kwenye kikombe ni kipimo kizuri cha kuanzia, lakini halina mate, halina damu, na halina mtoto wa miaka minne anayefunga mdomo akiona kijiko. Hatua inayofuata ni panya, ili kuona kama kuna madhara. Kisha watu wachache wanaokubali kujaribiwa. Kisha mamia. Skrubu za India zilijaribiwa kwenye meno yaliyotolewa, na usalama wake ukaangaliwa kwa panya. Ile ya Pennsylvania ilijaribiwa kwa panya, na kwa watu wazima wachache waliovaa kifaa mdomoni chenye vipande vya enameli. Hakuna hapo jaribio la mtoto mwenye jipu la jino.

Kuna mahali pamoja ambapo chembe zinazobeba dawa zilishavuka safari yote. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu Arestin. Ni unga wa chembe za mviringo za ile plastiki inayoyeyuka, zimebeba dawa iitwayo minosaiklini, na daktari wa meno huusukumia kwenye mfuko kati ya ufizi na jino baada ya kukwangua uchafu. Ni kwa watu wazima wenye ugonjwa wa fizi. Naitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, inaonyesha kwamba wazo lenyewe halina kasoro, linaweza kuwa tiba halisi. Ya pili inakuhusu wewe mama moja kwa moja: minosaiklini ni ya familia ya tetrasaiklini, na tetrasaiklini haifai kwa mjamzito wala kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, kwa sababu inaingia kwenye meno yanayoendelea kujengwa na kuyatia rangi isiyotoka. Kuiweka dawa ndani ya chembe hakubadilishi tabia yake. Mtu akikuambia "hii ni nano, haina madhara", muulize ndani ya hiyo nano kuna dawa gani.

Tena utawasikia. Wauzaji wa vitu vya afya hawachelewi kuokota neno jipya. Lugha yetu nayo inawasaidia, maana kile cha kupigia mswaki tunakiita "dawa ya meno" wakati si dawa ya kutibu jino lililooza. Zipo dawa za mswaki zenye chembe ndogo sana za madini yanayofanana na yale ya jino. Zinaweza kusaidia uso wa enameli, lakini hazina kazi yoyote kwenye jipu. Na kitu kinachouzwa kama tiba ya maambukizi bila usajili wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kibaki mikononi mwa muuzaji wake.

Teknolojia iliyotoka kwetu

Jambo linalonisikitisha kidogo katika habari hizi ni kwamba kila mtu anatazama Bengaluru na Pennsylvania, wakati njia moja iliyobadilisha matibabu ya meno ya watoto duniani ilianzia hapahapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa afya ya meno vijijini uliohusisha shule ya meno ya Dar es Salaam na mtaalamu wa Kiholanzi Jo Frencken, watu walikabiliwa na swali rahisi: unazibaje jino mahali ambapo hakuna umeme? Jibu lao lilikuwa kutumia vifaa vya mkono tu, kukwangua sehemu laini iliyooza, na kuziba kwa kitu kinachonata kwenye jino chenyewe. Baadaye wakatumia saruji ya glasi ionoma, ambayo hunata vizuri na huachia floraidi taratibu. Hakuna mashine inayolia. Mara nyingi hakuna hata sindano ya ganzi. Njia hiyo inajulikana duniani kwa kifupi cha ART, na Shirika la Afya Duniani liliitangaza Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Leo inafundishwa hadi Ulaya kwa ajili ya watoto wanaoogopa mashine, na wazee wasioweza kutoka nyumbani.

Mwaka 2021 shirika hilohilo liliingiza vitu vitatu vya meno kwenye orodha yake ya dawa muhimu: dawa ya mswaki yenye floraidi, saruji hiyo ya glasi ionoma, na kimiminika kiitwacho silva daiamini floraidi. Hiki cha mwisho nakipenda, ingawa kina ubaya wake unaoonekana. Mtaalamu anapaka tone moja kwenye tundu, madini ya fedha yanaua bakteria, na uozo unasimama. Sehemu iliyooza inabaki nyeusi ti, moja kwa moja. Kwa jino la mbele wazazi wengine hukataa. Kwa gego la utotoni ambalo litang'oka lenyewe baadaye, mimi ningekubali mara moja. Ukienda huduma ya meno uliza kama wanayo.

Lakini angalia mpaka wake. ART na hicho kimiminika ni kwa jino lililotoboka ambalo kiini chake bado ni kizima. Likishakuwa na usaha, kipele kwenye ufizi kinachopasuka na kujaa tena, au maumivu ya usiku yasiyo na sababu, hapo kiini kimekufa au kinakufa, na mtaalamu ataamua kati ya kulifungua na kulisafisha au kuling'oa. Kwa jino la utotoni lililoharibika sana huwa ni kung'oa. Najua neno hilo linaumiza. Ila kung'oa kunafanya kile ambacho chembe zote za maabara zinajaribu kufanya: kuwaondoa bakteria pamoja na nyumba yao.

Nisikilize vizuri kuhusu yale meno ya utotoni, maana hapa ndipo ninapopingana sana na mabibi, pamoja na koko mmoja jirani yangu ninayemheshimu sana. "Si yatatoka tu?" Yatatoka, ndiyo, lakini magego ya utotoni hukaa hadi mtoto awe na miaka 10 au 12. Chini ya kila jino la utotoni kuna jino la ukubwani linajengwa, na usaha uliokaa juu yake muda mrefu unaweza kuliharibu kabla halijaota. Mtoto anayetafunia upande mmoja hali vizuri, na mimi naliona hilo kwenye mizani kabla hata hajafungua mdomo.

Kuhusu meno ya kahawia ya huku kwetu

Siwezi kuandika habari za meno kutoka upande huu wa Mlima Meru nikaacha hili. Maji mengi ya huku hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya kuzunguka mlima vimezidi kiwango hicho kwa mbali. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi kutafuta njia za kuipunguza, ikiwemo kuyapitisha maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Magadi tunayotia kwenye makande nayo huongeza floraidi.

Matokeo yake ni madoa ya kahawia. Madoa hayo yanaingia wakati jino linajengwa ndani ya ufizi, miaka minane ya kwanza ya maisha. Si kuoza, wala si uchafu, na hakuna chembe inayoyatibu, kwa kuwa hakuna bakteria wa kuuawa. Naona wazazi wanaosugua meno ya mtoto kwa mchanga au majivu ili yawe meupe, wanaishia kukwangua enameli. Hata hivyo jino lililoathirika sana na floraidi huwa na enameli dhaifu inayomeguka, na mahali palipomeguka bakteria hupata mlango. Kwa hiyo doa la kahawia lililo laini na kung'aa, liache. Shimo, ukingo uliovunjika, au mahali chakula kinapokwama, hapo mpeleke mtoto.

Wengine hufikia hatua ya kuacha kabisa dawa ya mswaki yenye floraidi. Nawaelewa, lakini tatizo letu kubwa liko kwenye maji yanayomezwa kila siku. Dawa ya mswaki ikitumika kidogo na kutemwa inalinda jino kwa nje. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia miaka 3 hadi 6 kiasi cha punde ya njegere, wewe mwenyewe ukimpigia au ukimsimamia. Asiachiwe tyubu ailambe. Na kama unaweza kupata maji yaliyopunguzwa floraidi au ya mvua kwa ajili ya uji na maziwa ya mtoto mdogo, anza na hayo, kwa kuwa ndiye ambaye meno yake yanajengwa sasa.

Jino likiuma usiku wa leo

Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake kilichoandikwa kwenye chupa au ulichoelekezwa. Usimpe asprini mtoto. Asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kama ameshaweza kutema. Usiweke kwenye tundu maji ya betri, petroli, ugoro wala kidonge kilichosagwa. Nimeona ndani ya mashavu ya watoto vidonda vilivyotokana na vitu hivyo, na jino bado linauma. Kipele cha usaha kwenye ufizi usikitumbue kwa sindano ya kushonea.

Kuna dalili ambazo hazisubiri asubuhi. Shavu au taya lililovimba na uvimbe unaongezeka, hasa ukipanda kuelekea jichoni au ukishuka chini ya kidevu na shingoni. Homa kali pamoja na uvimbe. Mtoto anashindwa kufungua mdomo, anashindwa kumeza mate, sauti inabadilika, au anapumua kwa shida. Maambukizi ya jino yakishuka shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa, na mtoto akafariki kwa kitu kilichoanza kama tundu dogo kwenye gego. Hapa antibayotiki zinahitajika, tena za haraka na pengine za kudungwa, pamoja na kutoa usaha. Usipite dukani kwanza. Tafuta usafiri uende hospitali, iwe ya rufaa ya mkoa ya Mount Meru au yoyote iliyo karibu zaidi na ulipo usiku huo.

Mtoto mmoja wa shule ya awali niliyemwona alikuwa amepitia dozi tatu za dukani ndani ya miezi miwili. Alipoletwa jicho la kushoto lilikuwa limefunga. Alilazwa, usaha ukatolewa, jino likang'olewa, na baada ya siku chache akarudi nyumbani anakula ugali. Dozi zile tatu zilikuwa sahihi kwa vipimo vyote, isipokuwa hakuna aliyefungua mdomo wa mtoto na kuangalia.

Kama hakuna dalili ya hatari, njoo zahanati wiki hiihii, mtoto akaguliwe mdomo na apewe barua ya rufaa ikihitajika. Huduma ya meno si ya kila siku kwenye kila kituo, kwa hiyo piga simu au uliza kabla ya kupanda daladala. Ukifika, mwambie mtaalamu mambo haya bila kuona haya: jino limeuma tangu lini, linamwamsha usiku au la, liliwahi kuvimba mara ngapi, na dawa zote alizokwisha kumeza. Beba maboksi au karatasi zake, hata yale ya dawa iliyobaki nusu. Kama mtoto ana sikoseli, tatizo la moyo, au mzio wa penisilini, litaje kabla hajakaa kwenye kiti.